Mwaka Tuliokaa na Hawa

Sista Klementina tulimzika mwaka jana, Jumamosi moja ya manyunyu, kwenye makaburi ya masista upande wa Budondo. Mimi nilitoka Mbale asubuhi na mapema pamoja na masista watatu vijana ambao hawakumfahamu, na njia nzima waliongea habari za mitihani ya wanafunzi wao huku nikiangalia mashamba ya mpunga dirishani. Baada ya maziko tuliketi chini ya turubai tukala matoke, wali, kabichi na nyama yenye mchuzi mwepesi. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Kiislamu, amejitanda mtandio wa kijivu, macho yamevimba kwa kulia. Sikuhitaji kuuliza ni nani, kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amesimama mbele ya jeneza na kutambulishwa kwa watu wote kuwa ni Mwalimu Hawa kutoka Mbale, mtoto wa kulelewa wa marehemu. Yeye hakunijua. Alinisogezea maji ya kunawa, na kama watu wafanyavyo msibani, akaanza kunieleza. "Wakati wa vita nilikuwa mdogo sana, sista. Baba yangu alikuwa askari. Sista Klementina ndiye aliyenipandisha lori la chumvi pale Jinja, akanishika mkono mpaka Mbale. Mkono wake ulikuwa na jasho tele. Mengine yote nimesahau, lakini jasho lile nalikumbuka." Akaniuliza mimi nilikuwa wapi miaka hiyo. Nikamjibu kwamba nilikuwa nafundisha. "Wapi?" Nikasema huku na huku. Akatikisa kichwa kwa heshima, akanipakulia kabichi zaidi.

Mkono ule ulikuwa wangu. Sikumwambia siku ile, na sidhani kama nitamwambia. Lakini nimeshapita miaka sabini, majina yameanza kunitoroka, na ningependa mwaka ule uwe umeandikwa mahali fulani, hata kama ni ndani ya daftari hili litakalobaki katika kabati la nyumba ya masista wazee.

Nilifika katika shule ya Sista Klementina, nje ya Jinja, mwezi wa Januari mwaka wa 1979, nikiwa na nadhiri za muda, miaka ishirini na mitano, na sanduku moja la bati. Ilikuwa shule ya msingi ya wasichana, ya bweni, ukitoka Mafubira kuelekea Budondo, yenye majengo marefu ya matofali mekundu na nyumba ya masista nyuma yake. Tulikuwa wanne. Wawili walikuwa Wazungu, na mwezi wa Machi, habari za vita na Tanzania zilipozidi, wakubwa wao wakawaita warudi kwao. Waliondoka asubuhi moja kwa gari la parokia, wakilia, wakatuachia nusu chupa ya jemu na viatu vya mvua. Nikabaki mimi na Sista Klementina, mwalimu mkuu, Msoga mwenye umri wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye miguu mikubwa na sauti ya chini ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko fimbo. Chumba cha kulia kilikuwa na meza ya watu wanane. Yeye alikaa kichwani mwa meza, mahali pake pa siku zote, nami nikakaa mahali nilipopangiwa nilipofika, upande wa pili karibu na mlango wa jikoni. Katikati yetu kulikuwa na viti vitupu. Yeye hakuniambia nisogee na mimi sikuomba. Kanuni yetu ilikuwa kwamba wakati wa kula mmoja asome maisha ya watakatifu na wengine wasikilize. Kwa kuwa tulikuwa wawili tu, mimi nilisoma yeye akila, halafu yeye akasoma mimi nikila. Zikapita wiki nyingi bila sisi kuzungumza mezani neno moja letu wenyewe. Nilijua mengi kuhusu watakatifu waliochomwa moto, na sikujua kama Sista Klementina ana ndugu.

Upweke wa namna ile sikuwahi kuuona kabla wala baada. Mimi ni Mgisu, na Kisoga changu kilikuwa cha kuwachekesha watoto. Lugha niliyoimudu sawasawa, mbali na ya kwetu na Kiingereza cha darasani, ilikuwa Kiswahili, kwa sababu nilisomea ualimu Kenya. Lakini katika Jinja ya wakati ule hiyo ilikuwa lugha ya kufichwa. Siku moja sokoni nilimsalimu muuza vitambaa mmoja kwa Kiswahili, bila kufikiri, na mwanamke aliyekuwa kando yangu akavuta kikapu chake akaenda kusimama mbali. Nilipomsimulia Sista Klementina hakushangaa. "Hapa hiyo ni lugha ya askari wanaovunja milango," alisema. "Wakiisikia, mioyo yao inashtuka. Usiizungumze mbele ya wazazi." Tangu hapo nikaizungumza na mtu mmoja tu, naye alikuwa Hawa.

Hawa alikuwa na miaka saba. Baba yake, sajini katika kambi ya mjini, alimleta mwezi wa Februari baada ya kufiwa na mkewe. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye masikio makubwa, Mwislamu pekee bwenini. Hakujua Kisoga wala Kiingereza, na wenzake walikuwa wameambiwa na mama zao wasicheze naye. Wakati wa mapumziko alikuja kusimama karibu na dirisha la darasa langu, akawa anachuna rangi ya ukuta kwa ukucha. Nilianza kwa kumwambia aache. Halafu nikawa namwuliza habari za nyumbani. Halafu nikawa naangalia saa nikingojea mapumziko.

Mwezi wa Aprili wazazi wakaanza kuja kuwachukua watoto wao. Walikuja kwa baiskeli, kwa miguu, wengine wakiwa na mikokoteni. Katika muda wa siku nne bweni likabaki tupu, magodoro yamekunjwa, na Hawa ameketi juu ya kitanda chake amevaa viatu tayari. Siku ya tano alasiri pikapu ikasimama langoni ikiwa imejaa magodoro, cherehani na mbuzi wawili. Baba yake akashuka. Alikuwa amevaa suruali ya jeshi na shati la kiraia lililombana. Nilimwendea mimi kwa sababu ya lugha, na Sista Klementina akasimama nyuma yangu.

"Sista, mimi nakwenda," akasema. "Mutoto abaki na nyinyi."

"Unakwenda wapi, afande?"

"Mbele huko. Njia si ya mutoto. Nikifika mahali, natuma mutu kumuchukua."

"Anasema nini?" Sista Klementina akauliza. Nikamweleza. Akasema, "Mwambie aingie kwanza amuage mwanawe."

Nikatafsiri. Yule mtu akaangalia majengo, akaangalia pikapu, ambamo wenzake walikuwa wakimpigia kelele apande. "Nikimuona sitakwenda," akasema. Alitoa mfukoni sabuni mbili za kuogea, kitu ambacho mjini kilikuwa kimepotea kwa miezi, akaniwekea mkononi, akapanda. Hawa alikuja mbio kutoka bwenini aliposikia injini, na alipofika langoni kilichobaki kilikuwa vumbi. Hakulia. Aliniuliza kama baba amesahau kwamba bweni lake ni lile la pili.

Baada ya hapo ilisikika mizinga upande wa mto, siku mbili, halafu kimya, halafu wakaja askari wa Tanzania wakitembea kwa mistari pande zote mbili za barabara, wamechoka, wamejaa vumbi. Mmoja aliingia langoni kuomba maji. Alivua kofia, akamwambia Sista Klementina, "Shikamoo, sista." Sista akanigeukia anieleze. Nikamwambia ni salamu, anayopewa mtu anayeheshimiwa. "Kwa lugha ile ile?" akauliza. Nikasema ndiyo, ile ile. Akamtazama kijana yule akinywa maji mpaka kikombe kikaisha, kisha akaenda mwenyewe kumwongezea.

Watu wa mji walishangilia barabarani, nasi tukashukuru kanisani. Lakini haikupita wiki moja tukaanza kusikia yaliyokuwa yakitokea kwa jamaa za wale askari wa serikali iliyoanguka waliokimbia: nyumba zao zilizobomolewa, wake zao waliofukuzwa wakiwa na nguo za mwilini tu, na wengine waliofanyiwa mabaya zaidi ambayo watu waliyasema kwa sauti ya chini. Nikaamua kumpa Hawa jina jingine. Nilimwambia kuanzia leo unaitwa Anna, wewe ni mtoto wa dada yangu kutoka Mbale, mtu akikuuliza sema hivyo. Nikamfunza ishara ya msalaba. Nikaondoa hirizi ndogo ya ngozi aliyovaa shingoni, ambayo mama yake alimfunga, nikaificha katika sanduku langu. Haya yote niliyafanya kwa ajili ya usalama wake, na ningeapa hivyo mbele ya yeyote.

Shule ilikuwa imefungwa na siku zilikuwa ndefu. Tulikula muhogo na viazi vitamu, chai ya mchaichai bila sukari ingawa mashamba ya miwa hayakuwa mbali, na maharage Jumapili. Hawa alikaa mezani kando yangu. Sista Klementina hakukataza. Aliendelea kusoma maisha ya watakatifu, na mtoto alimsikiliza akiwa ameachama ingawa hakuelewa chochote. Asubuhi nilimfundisha kusoma, mchana tulifua, jioni nilimsuka nywele barazani. Kila alipoitika "Abee" nilipoita Anna, nilijisikia kama mtu aliyetoka kwenye baridi akasogea karibu na meko. Nikaanza kumfundisha Salamu Maria. Hapo tena si kwa sababu ya watu wa nje, maana ishara ya msalaba ingetosha. Nilianza kumfikiria akibatizwa, akisoma kwetu mpaka darasa la saba, akivaa nguo nyeupe siku ya Komunyo ya kwanza. Katika fikra zangu baba yake hakuwemo kabisa.

Mpishi wetu aliitwa Mama Kagoya. Kaka yake mkubwa alichukuliwa na askari miaka mitatu kabla ya hapo, akiwa njiani kutoka kazini Walukuba, na hakurudi wala maiti yake haikuonekana. Mama Kagoya alimpakulia Hawa wa mwisho kila siku, bila kumtazama, lakini sahani yake haikupungua kitu. Asubuhi moja nilikuwa stoo nikichambua maharage, nikasikia wanawake mlangoni mwa jikoni wakiongea naye.

"Wanasema mtoto wa sajini bado yuko humu."

"Yuko," Mama Kagoya akajibu.

"Na wewe unampikia?"

"Nawapikia masista. Wao ndio wanaomlisha."

"Waiswa anajua?"

Nikasikia kisu kikikata ndizi. Waiswa alikuwa mdogo wake, kaka pekee aliyembakia.

Siku ya pili yake wakaja. Walikuwa wanaume saba, wenye fimbo na panga moja, na Waiswa mbele. Mmoja alivaa buti za jeshi zisizomtosha. Sista Klementina alikuwa shambani, kwa hiyo nikatoka mimi. Nikawaambia kwa Kisoga changu kibovu kwamba hapa hakuna mtoto wa askari, aliyepo ni Anna, mtoto wa dada yangu. Yule mwenye buti akacheka. "Huyu ndiye yule sista anayeongea Kiswahili," akawaambia wenzake, na nikaona nyuso zao zikibadilika. Wakati huo Sista Klementina akatokea upande wa bustani, jembe begani, gauni limeingia matope. Aliwasalimu kila mmoja kwa desturi ya Kisoga, kwa kirefu, habari za nyumbani, habari za wazee, mpaka ikabidi wajibu. Kisha akauliza wanataka nini. Waiswa akasema wanamtaka mtoto wa sajini.

"Yupo," Sista akasema. "Huyu dada amewadanganya kwa sababu anaogopa. Anaitwa Hawa, baba yake ni sajini, ana miaka saba. Sasa hivi anakula viazi jikoni. Nani kati yenu ataingia kumtoa?"

Nilimchukia Sista Klementina wakati ule kuliko nilivyowachukia wale watu.

"Kaka yangu walimchukua," Waiswa akasema.

"Najua. Nilikuja matanga kwenu. Nililala kwenu siku tatu."

"Basi unajua."

"Najua kwamba mtoto huyu alikuwa na miaka minne."

Hakuna aliyesogea. Ndipo Mama Kagoya akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye gauni lake la gomesi. Hakuja mpaka langoni, alisimama katikati ya uwanja. "Waiswa," akasema, "viazi anavyokula nimempikia mimi. Rudi nyumbani." Kisha akarudi jikoni bila kungoja. Waiswa alisimama muda, akitazama chini, halafu akageuka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Yule mwenye buti alisema watarudi. Sista Klementina akaniambia nimletee kiti. Nikamletea kile cha mezani, cha kichwani. Akakiweka katikati ya lango, akaketi na beseni la mihogo, akaanza kumenya. Alikaa pale siku tatu, kuanzia Misa ya asubuhi mpaka giza linapoingia, na kila aliyepita njiani alimwona na kumsalimu. Chakula alipelekewa pale pale. Wale watu hawakurudi.

Siku ya nne akaniita darasani. Alikuwa ameketi kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani. Akasema amepata mahali kwa ajili ya Hawa, kwa mama mmoja wa Kiislamu huko Mbale, mfanyabiashara wa nguo, ambaye binti yake alisoma kwetu zamani. Kuna lori la Mkenya linaloleta chumvi, linapitia Tororo kwenda Mbale keshokutwa. Akaamua nimpeleke mimi, kwa sababu ya vizuizi vya askari na kwa sababu ya lugha. Nikamwambia haina haja, hatari imepita, Anna ameshazoea.

"Anaitwa Hawa."

"Nilimwita hivyo kwa usalama wake, sista."

"Na Salamu Maria? Nimemsikia jana kwenye veranda. Anaijua yote mpaka amina. Ulimwomba nani ruhusa? Baba yake alikuachia mtoto, hakukupa." Nilianza kujieleza, akaninyamazisha kwa mkono, si kwa ukali. "Mimi pia naona jinsi unavyoishi hapa," akasema. "Naona vile viti. Lakini mtoto wa watu si wa kuzibia nafasi hiyo."

Nililia, nikasema maneno ambayo sistahili kuyarudia, likiwemo kwamba yeye hajawahi kumpenda mtu yeyote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nisisahau kumrudishia mtoto hirizi yake. Sikujua kwamba alijua.

Dereva wa lori alikuwa Mluya wa Bungoma, mtu mnene mcheshi, aliyetufanyia nafasi mbele na kumtandikia Hawa gunia. "Sista, msijali," alisema, "hawa jamaa wa vizuizi tumeshazoeana." Mimi nilijali. Nilimshika Hawa mkono tangu Jinja, na kila tulipokaribia kizuizi mkono wangu ulilowa jasho. Kwenye vizuizi vingine askari walitupungia tu. Karibu na Tororo wakatusimamisha. Askari mmoja wa Tanzania alipanda kwenye ngazi ya gari, akatuangalia, akamwuliza mtoto, "Binti, unaitwa nani?" Nilikuwa nimemwambia njia nzima aseme Anna. Aligeuka akanitazama, na katika macho yale niliona kwamba ananiuliza kitu, nami nikashindwa kufungua mdomo. Akamgeukia askari. "Naitwa Hawa," akasema. "Hawa nani?" Akataja jina la baba yake na la babu yake, yote mawili, majina ya kule kaskazini, walikotoka wengi wa askari waliokimbia, ambayo mtu yeyote angeyatambua. Askari akamtazama mtoto tena. Kisha akasema, "Nina mdogo wangu anaitwa Hawa. Yuko Tabora, anasumbua kama kupe." Akagonga mlango mara mbili kwa kiganja, akashuka. Dereva alicheka kwa sauti mpaka tulipofika njia panda. Mtoto alichomoa mkono wake katika wangu ili ajikune goti, halafu akaurudisha mwenyewe.

Nyumba ya yule mama huko Mbale ilikuwa nyuma ya duka, yenye ua safi na mabinti wawili wakubwa. Walitupokea vizuri. Nilipewa chai ya maziwa yenye sukari, ya kwanza tangu mwaka uanze, na chapati. Mabinti wakamchukua Hawa kwenda kumwogesha, nami nikasikia maji yakimwagwa na wao wakizungumza naye Kiswahili, kisha nikamsikia anacheka. Miezi mitatu nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka vile. Yule mama akaniambia, "Ngoja atoke, sista, muagane." Nikasema dereva ananingoja. Dereva hakuwa akiningoja. Alikuwa anashusha chumvi, na ingemchukua mchana mzima. Nilitoka kwa mlango wa dukani, nikakaa juu ya magunia mpaka jioni, hatua mia mbili kutoka pale alipokuwa. Kwa hiyo mwaka jana, pale kwenye turubai, ningemwambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyemshika mkono, na ndiye huyo huyo niliyeondoka akiwa anaoga?

Shule ikafunguliwa tena mwezi wa Juni. Watoto walirudi wachache kwanza, halafu wengi, wengine bila baba, wengine bila viatu, na madawati hayakutosha kwa sababu baadhi yalikuwa yameibiwa na kuchomwa kuni. Nilifundisha darasa la kwanza na la tatu kwa pamoja, nikiandika ubao nusu huku na nusu kule. Kazi ilinisaidia. Na Sista Klementina nilizungumza yale tu ya lazima: funguo, chaki, mtoto mgonjwa. Yeye alipanda basi kwenda Mbale kila mapumziko ya shule, amebeba daftari na nguo alizoshona mwenyewe, na kila mara, siku moja kabla, alisimama mlangoni mwa chumba changu akasema, "Nakwenda kesho. Kuna nafasi." Kila mara nilimjibu kwamba nina madaftari ya kusahihisha. Aliporudi hakunieleza chochote nami sikumwuliza, ila mara moja alisema mezani, katikati ya kusoma, bila kuinua macho kwenye kitabu, kwamba mtoto amevunjika jino la mbele.

Mwezi wa Desemba, watoto wakiwa wamekwenda likizo, padri wa parokia alileta barua iliyopita mikononi mwa watu wengi, kutoka misheni moja karibu na mpaka wa Sudani. Iliandikwa kwa Kiswahili cha kambini, kwa kalamu ya risasi, na mtu aliyejitambulisha kuwa ni rafiki wa sajini. Sista Klementina alinipa nimsomee. Sajini alikufa mwezi wa Agosti, kwa homa, akiwa katika kambi ya wakimbizi. Kabla ya kufa alimwomba rafiki yake awaambie masista kwamba hakupata mtu wa kumtuma. Maneno hayo niliyasoma mara mbili.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Mama Kagoya alileta viazi, akatutazama, akaviweka akatoka taratibu. Hakuna aliyesoma watakatifu siku ile. Sista Klementina aliinuka kichwani mwa meza, akaja mpaka upande wangu, akavuta kiti cha kando yangu akaketi. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu namna ile. Alikuwa na mvi kwenye nyusi.

"Lazima aambiwe," akasema. "Utakwenda wewe?"

Nilitaka kusema ndiyo. Akilini nikamwona mtoto akitoka bafuni siku ile, amevaa nguo safi, akiuliza sista yuko wapi, na sikuweza kufikiria nitaingiaje katika ua ule nikiwa na habari ile mkononi. Nikatikisa kichwa. Hakunilaumu, hata kwa macho.

"Basi nifundishe," akasema.

Sikumwelewa.

"Mimi nikifika kule huwa nakaa tu. Tunatazamana. Wale mabinti wananitafsiria. Hili sitaki aambiwe na mkalimani. Nifundishe kulisema kwa lugha yake."

Nikamwambia kwa Kiswahili: baba yako amefariki. Akarudia, "Baba yako amefaliki." Nikamsahihisha, amefariki. Akasema tena, ikatoka vile vile. Nikamwonyesha mahali pa ulimi, kama nilivyokuwa nikiwaonyesha watoto wa darasa la kwanza, na yule mwanamke aliyekuwa amefundisha miaka thelathini akafungua mdomo wake mbele yangu nione kama ameuweka sawa. Tukaendelea hivyo, viazi vikipoa. Akataka pia kujua jinsi ya kusema kwamba baba hakumsahau, alikosa mtu wa kumtuma tu. Akataka kujua jinsi ya kusema "mimi nipo." Hilo ni fupi, nikamwambia, hilo halina shida. Alilisema mara nyingi kuliko mengine, akilijaribu kwa sauti ya juu na ya chini, mpaka aliporidhika.

Asubuhi yake alikwenda kungoja basi kabla jua halijachomoza vizuri. Nilisimama dirishani mwa chumba cha kulia, nikamwona akipita kati ya mabweni matupu na kifurushi chake, akitembea kwa zile hatua zake kubwa, midomo yake ikicheza. Nilidhani anasali rozari. Alipopita chini ya dirisha nikamsikia. Alikuwa anarudia somo lake, na r ilikuwa imetoka sawasawa.